Barabara Zinazoishia Mlimani

Utulivu wa barabara hupimwa kwa kile ambacho hakipo, na pengine ndiyo sababu vitabu vingi vya njia za baiskeli huusifu bila kueleza unakotoka. Barabara inaweza kuwa nyembamba na bado ikajaa malori usiku na mchana, kama ambavyo inaweza kuwa pana, yenye lami safi, na ikapitwa na gari moja tu kila baada ya muda mrefu. Kinachoamua ni kama barabara hiyo inamfikisha mtu mahali pengine kwa haraka au la. Katika taaluma ya usafiri hutofautishwa magari ya kupita, yaani yale ambayo safari yake haianzii wala haiishii katika eneo husika, na magari ya wenyeji, ambayo yana shughuli papo hapo. Eneo lisilo na magari ya kupita huwa tulivu hata kama lina watu wengi, na hakuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita chini ya milima hiyo, ikaifuata kwa upande wa kusini-magharibi kupitia Korogwe, Mombo na Mkomazi, bila kuipanda hata mara moja. Reli ya kutoka Tanga nayo inafanya hivyohivyo. Hakuna dereva wa basi la Arusha mwenye sababu ya kukunja kona Mombo na kupanda mlimani, kwa kuwa huko juu hakuna njia itakayomtoa upande wa pili kwa haraka kuliko tambarare inavyofanya. Wanaopanda ni wale tu wanaokwenda huko: wakulima, walimu, wachuuzi, wagonjwa, wanafunzi wa bweni na, katika miaka ya karibuni, waendesha baiskeli.

Huko Ulaya utulivu wa namna hii umelazimika kupangwa. Katika jimbo la Limburg nchini Ubelgiji, mwaka 1995, ulizinduliwa mtandao wa njia za baiskeli unaotumia nambari kwenye kila makutano, wazo lililoanzishwa na Hugo Bollen, aliyekuwa mhandisi wa migodi, ili mtu aweze kutunga safari yake kwa kufuata nambari kupitia barabara ndogo zilizochaguliwa kwa uangalifu. Ni kazi nzuri, na imeigwa mpaka Uholanzi na Ujerumani. Usambara hakuna nambari wala vibao vya aina hiyo, na utulivu uliopo haukukusudiwa na yeyote. Ulitokana na umbo la milima yenyewe na historia ya waliochimba barabara zake.

Umbo hilo linahitaji maelezo mafupi. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, jina la mfululizo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya, ukashuka kupitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Tofauti na Kilimanjaro, ambao ni mlima wa volkano uliojengwa na lava, milima hii ni mapande makubwa ya miamba migumu yaliyoinuliwa kwenye nyufa za ukoko wa dunia, na kwa hiyo kila pande lina kingo kali kama ukuta huku juu yake kukiwa na vilima na mabonde yasiyo na mwisho. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni kwamba kazi kubwa iko kwenye ukuta. Akishaumaliza, hakuna tena mlima mmoja mrefu wa kupanda, bali kuna mlolongo wa milima midogo inayopandwa na kushukwa, ambayo kwa jumla inaweza kumchosha kuliko ule ukuta.

Bonde la Lwengera limeigawa Usambara sehemu mbili. Usambara Mashariki iko karibu zaidi na bahari, ni fupi kwa kimo na inapata mvua nyingi zaidi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka katika eneo la Amani. Barabara ya kutoka Muheza hupita mashambani hadi Sigi, kisha ikapanda kwa kona za mfululizo ndani ya msitu mpaka Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Njia hiyo inastahili sura yake yenyewe, hasa kwa wapenda mimea. Kwa baiskeli, hata hivyo, ni fupi, na matope yake wakati wa mvua hayamsamehe mtu. Kwa sababu hiyo sura hii inajikita Usambara Magharibi, katika Wilaya ya Lushoto, ambako mtu anaweza kuendesha siku tatu au nne mfululizo bila kurudia barabara moja.

Lango la kawaida ni Mombo, mji mdogo wa joto ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapo mwaka 1905, na tangu hapo Mombo ikawa mahali pa kushushia mizigo na abiria wa mlimani. Juu, kwenye hewa ya baridi, utawala wa Kijerumani ulikuwa na kituo ulichokiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari Wilhelm wa Pili, ambacho leo ndicho Lushoto, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Barabara inayounganisha miji hiyo miwili, yenye urefu wa kilomita 33 hivi, ilichongwa wakati huo kwenye ubavu wa korongo, na ingawa sasa ina lami, mkondo wake bado unaonyesha fikra za watu waliotarajia mikokoteni na wapagazi kuliko injini: haikimbilii juu, bali inajizungusha.

Kujizungusha huko ndiko kunakoifanya ipandike. Ukali wa mlima kwa baiskeli hupimwa kwa asilimia, yaani idadi ya mita ambazo barabara inapanda kwa kila mita 100 za mwendo. Mwinuko wa asilimia 3 humfanya mwendeshaji apumue kwa nguvu lakini aendelee kuzungumza. Asilimia 6 humnyamazisha. Asilimia 12 humfanya mtu asiye na mazoezi ashuke na kusukuma. Kutoka Mombo hadi Soni, karibu nusu ya safari, barabara inapanda zaidi ya mita 700, kwa wastani wa asilimia 4 au zaidi kidogo, na kutoka Soni hadi Lushoto inalegea sana. Hakuna haja ya mapafu ya bingwa. Kinachohitajika ni gia zinazofaa, na hapo ndipo baiskeli nyingi zinazouzwa madukani zinapomwangusha mtu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme baiskeli ya kawaida ya mizigo ina meno 44 kwenye gia ya mbele na 18 nyuma, na gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2. Kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, baiskeli hiyo inasonga mita 5.4 hivi, na mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa chini usiochosha magoti, atakuwa anakwenda kilomita 19 kwa saa. Kwenye korongo la Soni mwendo huo hauwezekani kwa binadamu wa kawaida, kwa hiyo ama atakanyaga polepole kwa kusimama juu ya pedali mpaka mapaja yawake moto, ama atashuka. Baiskeli yenye gia nyingi, ambayo gia yake ndogo ya mbele ina meno 34 na kubwa ya nyuma ina meno 34 vilevile, husonga mita 2 na ushei tu kwa kila mzunguko, na kwa mizunguko ileile 60 inakwenda chini ya kilomita 8 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na ndio mwendo sahihi wa kupandia Usambara. Vijana wa Lushoto wanaobeba magunia kwenye baiskeli zisizo na gia wanalijua hilo bila hesabu yoyote, nao milimani husukuma, na wala hawaoni aibu.

Kushuka kuna hesabu yake, nayo ni ya hatari zaidi. Mwendeshaji na baiskeli yake, kwa pamoja kilo 85, wakishuka mita 900 kutoka Lushoto hadi Mombo, wanaachia nishati ya takriban jouli 750,000, kiasi ambacho kingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu ya nishati hiyo inamezwa na upepo, lakini kwa anayeshuka polepole kwa woga, huku amebana breki wakati wote, sehemu kubwa inaishia kwenye breki na ringi zikiwa joto tupu. Mpira wa breki ukipata moto huanza kuteleza, ringi huweza kuunguza kidole, na katika hali mbaya tyubu hupasuka ndani ya tairi. Dawa yake ni kubana kwa nguvu na kuachia, kwa zamu, breki ya mbele na ya nyuma, kabla ya kona na si ndani yake, kisha kusimama mara moja au mbili njiani. Soni, kwa bahati nzuri, ni mahali pazuri pa kusimama: maporomoko ya maji yako karibu na barabara, na ringi zina muda wa kupoa.

Barabara hii ya kwanza, ikumbukwe, ndiyo yenye magari mengi kuliko zote za mlimani, kwa sababu ni mlango mkuu wa kuingilia na kutokea. Utulivu wake una ratiba. Alfajiri mabasi ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha hushuka yakifuatana, na wakati wa mavuno malori ya kabichi, karoti na viazi nayo huteremka yakiwa yamejaa hadi juu ya turubai, mengine yakipiga honi kila kona, ambayo ni adabu ya mlimani inayopaswa kushukuriwa na si kulaaniwa. Kati ya mabasi ya asubuhi na msongamano wa jioni kuna saa kadhaa ambazo korongo hubaki na sauti ya maji tu. Siku ya soko la Soni ratiba hii yote inavurugika, na mwenye busara huahirisha safari, au hununua matunda na kusubiri.

Baada ya Lushoto mambo hubadilika kabisa. Barabara inapanda tena kuelekea Magamba, na ndani ya kilomita chache mashamba yanakoma ghafla, kana kwamba mtu amechora mstari, na msitu unaanza. Hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mpaka huo mkali kati ya shamba na msitu ni historia ya sheria zaidi kuliko ya mimea, kwa kuwa bila hifadhi jembe lingekuwa limefika kileleni zamani. Joto hupungua kwa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mtu aliyetoka Mombo akiwa na fulana iliyolowa jasho hujikuta Magamba akitafuta koti. Mikulo, ile miti mirefu ya mbao yenye harufu ya kafuri ambayo jina lake la kitaalamu, *Ocotea usambarensis*, limebeba jina la milima hii, inasimama kwenye ukungu huku ndevu za mti zikining'inia matawini. Mbega huonekana kwanza kama mkia mweupe unaoanguka kutoka tawi moja kwenda jingine, na mwili mweusi hufuata baadaye.

Mwendo wa kilomita 8 kwa saa una faida ambayo gari haliwezi kuitoa. Kando ya barabara, kwenye vijiti vya usawa wa macho ya mtu aliye juu ya baiskeli, hukaa vinyonga wa jamii ambayo wataalamu wa wanyama waliipa mwaka 2006 jina la *Kinyongia*, neno walilolichukua moja kwa moja kutoka Kiswahili. Baadhi ya spishi zake hazipatikani popote duniani isipokuwa Usambara. Kinyonga dume mwenye vipembe viwili puani huvuka barabara kwa mtindo unaokatisha tamaa, akinyanyua mguu mmoja, akiutikisa hewani kama jani, akiurudisha, kisha akiunyanyua tena. Dereva hamwoni kabisa, lakini mwendesha baiskeli humwona akiwa mbali na kumpisha. Wenyeji wengi humwogopa mnyama huyu na hawapendi kumshika, jambo ambalo, bila wao kukusudia, limemlinda vizuri.

Kupita Magamba, barabara inaelekea Lukozi, ambako kuna soko kubwa la mboga, na huko juu matawi yanagawanyika kwenda Shume, Mlalo na Mtae. Hapa msafiri anaingia kwenye mtandao uliozaliwa na mbao. Msitu wa Shume ulivutia wafanyabiashara wa Kijerumani kiasi kwamba walijenga njia ya kamba, yaani nyaya nene zilizotundikwa kwenye minara ili kuteremsha magogo yaning'inie hewani, kutoka ukingo wa mlima hadi Mkumbara kwenye reli. Njia hiyo haifanyi kazi tena, lakini mantiki yake imebaki: barabara za Shume zilichimbwa ili kuukusanya msitu, si kuunganisha vijiji, na kwa hiyo zinapindapinda kati ya misonobari ya mashamba ya miti ya serikali, zinakutana na kuachana bila sababu inayoonekana, na nyingine zinaishia penye uwazi wa kukatia magogo. Ramani ya simu humdanganya mtu hapa. Mzee anayechunga ng'ombe wawili kando ya njia ni ramani bora zaidi, na salamu ndefu ndiyo ada yake.

Njia za watu zenyewe ni kitu kingine, na ni za kale zaidi. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa kilichotoka mwaka 1974, alieleza jinsi Washambaa walivyoigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, yaani mlimani penye migomba, mvua na afya, na nyika, yaani tambarare ya chini yenye joto, ukame na homa. Makazi yao yalikaa kwenye migongo ya milima, na Vugha, makao ya wafalme wa ukoo wa Kilindi, yalikuwa na umaarufu uliowafanya wavumbuzi Burton na Speke wapande kwenda kuyaona mwaka 1857. Vijia vilivyounganisha migongo hiyo havikuzungukazunguka. Vilikwenda moja kwa moja, chini bondeni na juu tena, na vinatumika hivyo hadi leo, na ndiyo maana mwendesha baiskeli aliyempita mama mwenye mzigo wa kuni kichwani huweza kumkuta tena baada ya kona tatu, ametangulia, ameshatua mzigo na anamsubiri amsalimie.

Bonde la Mlalo ni mahali ambapo mandhari inasomeka kama maandishi. Mwaka 1946 utawala wa Kiingereza ulianzisha huko mpango wa kuhifadhi udongo uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi nzito waliyoichukia, na upinzani wao ukawa sehemu ya harakati za kisiasa za Usambara mpaka mpango huo ukafa kabla ya uhuru. Leo ngazi za mashamba zinaonekana tena kwenye miteremko mingi, zimewekwa mipaka ya majani ya tembo na migrivea, na wanaozitunza ni wajukuu wa watu walioyakataa matuta. Kwa anayezitazama kutoka barabarani, ngazi hizo humfundisha pia kusoma mwinuko: zikiwa nyembamba na nyingi, mlima unaokuja ni mkali.

Udongo wenyewe ni mwekundu, wa mfinyanzi, na sehemu kubwa ya barabara za juu haina lami. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, hukauka na kuwa mgumu kama sakafu, wenye vumbi laini kwenye kona. Katika masika, kati ya Machi na Mei, udongo huohuo hugeuka sabuni. Hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na kijiti cha kukwangulia kinakuwa na thamani kuliko pampu. Tairi nyembamba za mashindano hazifai hata wakati wa kiangazi. Tairi ya upana wa milimita 40 au zaidi, isiyojazwa upepo hadi mwisho, inameza mawe madogo na kushika kona, na spoku za akiba, viraka na mnyororo wa ziada vinapaswa kuwemo mkobani kwa sababu mafundi wa vijijini, walio hodari sana kwa baiskeli za mizigo, si mara zote wana vifaa vya baiskeli yenye gia.

Mtae ni mwisho wa njia, kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, na ni kijiji kilichokaa kwenye ukingo mwembamba kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Nyumba zimepangana kando ya barabara kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuzijenga, na nyuma ya baadhi ya nyumba hizo bustani ya maharage inaishia kwenye genge. Upande wa magharibi tambarare ya Mkomazi imelala zaidi ya mita 1,000 chini, rangi ya kahawia, na ng'ambo yake Milima ya Upare. Upande wa mashariki nyika inayoyoma kuelekea Mto Umba. Asubuhi isiyo na ukungu, kabla jua halijapanda, theluji ya Kilimanjaro huonekana kaskazini-magharibi, kisha hufutika. Huko chini kabisa magari ya barabara kuu yanaonekana kama punje zinazosogea, na sauti yake haifiki. Basi linalolala Mtae huondoka gizani kurudi Lushoto, na baada ya hapo barabara hubaki kwa watembea kwa miguu, kuku na yeyote aliyekuja na baiskeli, ambaye kabla ya kuanza kurudi kwa njia aliyojia hana budi kukagua mipira ya breki.